Mwaka Nilipopima Kahawa kwa Mizani ya Kliniki

Habari za msiba wa Dokta Mwanaidi zilitufikia kwenye simu siku ileile alipozikwa kwao Tanga, na Tanga si karibu na kwetu. Sisi watatu tuliowahi kukaa benchi moja darasani kwake tukakubaliana tukutane Jumamosi iliyofuata Tunduma, nyumbani kwa Zabroni, tule pamoja na tumzungumzie. Zabroni siku hizi ni wakala wa forodha. Sebule yake iko ghorofani na dirisha lake linatazama barabara, na malori yaliyopanga foleni kuelekea Nakonde, upande wa Zambia, yalikuwa palepale tangu tulipofika mpaka tulipoaga, kama nyumba za majirani. Mkewe alitupikia wali na kuku wa kienyeji, na pembeni akaweka kapenta, wale dagaa wa upande wa Zambia, wa kukaanga. Hawa alikuja kwa basi. Yeye ndiye aliyebaki chuoni miongoni mwetu, akawa msaidizi wa Dokta kwa miaka mingi, na alikuwa na mengi ya kutuambia. Lakini Zabroni ndiye aliyeanza. "Kwa kuwa mwenyewe amepumzika, sasa niseme," akasema huku akijiongezea kuku. "Ile ripoti yangu ya likizo sikumhoji mtu hata mmoja. Nilikaa uwanjani kwa mama nikawazaa wabadilisha fedha ishirini, nikawapa umri, nikawapa na majibu." Hawa alicheka mpaka akaweka kijiko chini. "Kumbe ndiyo maana wote walikuwa wanafikiri kama wewe. Ungemwambia akiwa hai, angekurudisha darasani na mvi zako hizo." Kisha Zabroni akanigeukia. "Haya, Edina, mwenye mizani. Ile kahawa yako iliishia wapi?"

Niliwasimulia kwa ufupi, kama ninavyosimulia siku zote, nikaifanya kichekesho. Lakini kwenye gari, nikirudi Mkwajuni ninakofanya kazi ya maendeleo ya jamii, niliona si haki. Ule ndio mwaka ulionifundisha kazi ninayoifanya hadi leo. Ni mwaka ambao nusura nimwondoe mwanamke mmoja kwenye kundi la wenzake kwa sababu nilikuwa nataka alama za darasani. Nitausimulia wote hapa, polepole, na penye neno la kitaalamu nitalieleza, kwa sababu na mimi nilielezwa.

Nilikuwa mwaka wa kwanza chuo kikuu, na Songwe haikuwa bado mkoa. Sote tulikuwa watu wa Mkoa wa Mbeya. Bweni letu lilikuwa na vyumba vya watu wanne ambamo tuliishi sita, na chini ya kitanda changu kulikuwa na jiko dogo la umeme tulilolifunika kwa ndoo kila mlinzi wa bweni alipopita. Tulipika wali na dagaa, tukala kwenye sufuria moja tukiwa tumekaa sakafuni, na hapo ndipo masomo yalipoeleweka. Somo lenyewe lilikuwa utangulizi wa saikolojia ya jamii. Mtu akiniuliza ni somo la nini, humwambia hivi: ni elimu ya namna mtu anavyobadilika akiwa mbele ya wenzake. Kwa nini mtu anayecheka peke yake hucheka zaidi akiwa na watu. Kwa nini mtu akianguka mbele ya umati, kila mmoja hungoja mwingine ainame. Dokta Mwanaidi alifundisha kwa Kiingereza kama sheria ya chuo ilivyotaka, lakini kila alipomaliza kueleza jambo alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akauliza kwa Kiswahili, "Haya. Kwenu hili mnaliitaje?" Aliamini kwamba jambo ambalo huwezi kuliita kwa lugha ya nyumbani hujalielewa, umelikariri tu.

Siku moja alituambia juu ya watu walioombwa wapige makofi kwa nguvu zao zote, kwanza mmoja mmoja, kisha pamoja. Walipokuwa pamoja, kila mtu alipiga kwa nguvu ndogo kuliko alipokuwa peke yake, na mwenyewe hakujua kwamba amepunguza. Akafuta miwani. "Kwenu?" Kiingereza changu kilikuwa cha kusuasua, na tangu Oktoba sikuwa nimefungua mdomo mle ndani, lakini neno hilo nililijua tangu nikiwa mdogo, tangu siku za kufyeka uwanja wa shule. "Kutegea," nikasema. Watu wakacheka. Dokta hakucheka. "Simama, useme tena." Nikasimama. "Kutegea, Dokta. Kazi ikiwa ya wote, mtu anainama kama wenzake lakini jembe haliingii." Aliandika neno hilo ubaoni kwa herufi kubwa, na likakaa hapo hadi kipindi cha watu wengine. Sijui kama nimewahi kupata tuzo iliyozidi ile. Ndiyo maana, matokeo ya jaribio la kwanza yalipotoka nikawa nimefeli, nilihisi nimemwaibisha yeye kuliko mimi. Aliniita. "Edina, neno unalo. Kalifanyie kazi likizo. Ripoti yako ikiwa nzuri utaendelea. Ikiwa mbaya, utarudia mwaka." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayekuonyesha njia.

Mpango wangu ulikuwa rahisi na niliuonea fahari. Kitabu kilisema watu hutegea kwa sababu mchango wa kila mmoja hauonekani. Ukiuonyesha, kutegea kunakwisha. Na mimi nilijua mahali ambapo mchango wa mtu hauonekani kabisa: Mbozi, kwa Shangazi Estera, wakati wa kuchuma kahawa. Shangazi alikuwa kwenye kundi la wanawake saba waliochumiana kwa zamu. Jumanne na Ijumaa wote saba waliingia shamba la mmoja wao, wakachuma tangu asubuhi, na kila aliyejaza kikapu alikwenda kukimwaga kwenye lundo moja lililokuwa kwenye turubai katikati ya shamba. Hakuna aliyehesabu vikapu. Jioni lundo lilipelekwa kwenye mashine ya kumenya, na zamu iliyofuata wakahamia shamba la mwenzao. Nilipofika Julai, ukungu ulikuwa haujapanda hadi saa tatu asubuhi, na wanawake walichuma wakiwa wamevaa masweta chini ya vitenge. Nilimwomba muuguzi wa zahanati aniazime ile mizani ya kuning'iniza wanayopimia watoto wachanga, nikaifunga kwenye tawi la mparachichi pembeni mwa turubai. Siku ya kwanza ningewaacha wachume kama kawaida na kupima lundo zima jioni, kikapu kwa kikapu. Siku ya pili ningepima kikapu cha kila mmoja kabla hajakimwaga. Shamba lilelile, maana niliomba wasihame kwanza, watu walewale, saa zilezile. Nilimweleza shangazi, nikamweleza Mama Lusajo, aliyekuwa kama kiongozi wao, na Mama Lusajo akawaambia wengine kwa mkato, "Huyu ni mtoto wetu, anasoma, ametuomba tumsaidie." Nilichukulia kwamba wote wamekubali. Sikumuuliza mmoja mmoja. Leo, vijana wa mafunzo wakija ofisini kwangu, hilo ndilo jambo la kwanza ninalowafundisha, na huwaambia wazi nimelijuaje.

Ijumaa ya kupima ilianza kwa vicheko. "Mwanachuo, nivue sweta?" Mama Lusajo aliuliza, akining'iniza kikapu kwenye ndoano. "Kliniki huwa tunavuliwa." Mwingine akasema mwanaye wa saba alipimwa kwenye mizani hiyohiyo akalia mpaka akajikojolea, na yeye atajitahidi asifike huko. Nikawa nasoma uzito kwa sauti kama muuguzi, nikiandika kwenye daftari, na wao wakaanza kushindana. Walikimbia kati ya mistari, walisahau kuzungumza, na mbichi zikaanza kuonekana ndani ya vikapu maana mtu mwenye haraka hukamua tawi zima. Lundo la siku ile lilikuwa zito kidogo kuliko la Jumanne, kama kitabu kilivyosema. Sitaki kukisingizia kitabu. Kuhusu hilo kilikuwa sahihi. Kisha akaja Mama Jofrey. Alikuwa mwanamke mrefu, mtulivu, wa umri wa shangazi, aliyevaa kofia ya sufu ya mwanaye. Kikapu chake hakikufika nusu ya uzito wa vikapu vya wenzake. Nilidhani ndoano imekwama. Nikakitoa, nikakining'iniza tena, na kwa sauti ileile ya muuguzi nikasema, "Mbona hiki chepesi, mama?" Mama Lusajo alikuja akakichukua kikapu kutoka mikononi mwangu, akakimwaga kwenye turubai, akasema, "Twendeni, jua linapanda." Kuanzia hapo walichuma kimya hadi jioni. Na mimi, nisamehewe, nilifurahi. Nilikuwa nimempata mtegeaji wangu.

Jumanne Mama Jofrey hakuja. Walisema ana mafua. Ijumaa hakuja tena, na hakuna aliyetaja mafua. Watu sita walichuma pale ambapo zamani walichuma saba, na ule mzaha wao uliokuwa ukisikika tangu barabarani haukusikika. Niliitundika mizani nikaambiwa niishushe. Shangazi ndiye aliyesema, kwa upole, kama mtu anayekwambia kamba ya kiatu chako imefunguka. Jioni hiyo nilikuwa nyuma ya jiko nasugua masufuria kwa majivu, na Mama Lusajo alikuja kukaa na shangazi ndani. Jiko la shangazi lilikuwa la mabanzi yenye nafasi katikati. Moshi ulitoka humo, na maneno pia. "Haji tena," Mama Lusajo alisema. "Nimepita kwake. Anasema kahawa yake ataichuma mwenyewe." "Atachuma vipi na macho yale?" "Itakaukia mtini." Nilisikia shangazi akivunja kuni. "Mimi nilikuwa namwachia matawi yaliyoiva sana," akasema. "Tangu msimu wa juzi. Na kikapu changu cha mwisho nilikuwa namwaga upande wake wa lundo." "Wewe nawe?" Mama Lusajo akauliza. "Mimi nilidhani ni mimi peke yangu. Vikapu viwili, vitatu kwa siku namwaga pale aliposimama, ili akigeuka aone pamejaa." "Basi na Mama Neema atakuwa anafanya. Nimemwona akizungukazunguka." "Na yeye Mama Jofrey hakujua kama tunajua." "Sasa anajua."

Nilikaa pale na sufuria mapajani mpaka majivu yakakauka mikononi. Nieleze kilichokuwa kimetokea, kwa sababu kwa miaka mingi nimeona watu wenye elimu wakikosa kukiona. Macho ya Mama Jofrey yalikuwa yakififia. Kila mmoja katika kundi alilijua hilo, na kila mmoja alidhani amelijua peke yake. Lile lundo moja, ambalo mimi niliambiwa ndimo uvivu unamojificha, wanawake sita walikuwa wamelitumia kuficha ukarimu. Hakuna aliyetegea; kila mtu alikuwa akitoa zaidi ya zamu yake na kuhakikisha haonekani. Na Mama Jofrey alikuja kila Jumanne na kila Ijumaa kwa sababu palikuwa na mahali pamoja ambapo kazi yake haikutengwa na ya wenzake. Mizani yangu haikugundua kitu kilichokuwa hakijulikani. Ilichofanya ni kukitamka mbele ya watu. Jambo ambalo kila mtu analijua kimyakimya na jambo ambalo limesemwa hadharani ni vitu viwili tofauti kabisa, hata kama maneno ni yaleyale. Hilo sikulipata kwenye kitabu chochote cha mwaka wa kwanza. Nililipata nyuma ya jiko.

Lakini ujana hauelewi haraka hivyo. Niliingia jikoni mikono ikiwa na majivu, nikiwa tayari na nadharia nyingine. Tulikuwa tumefundishwa kwamba watu hukaa pamoja kwa kupeana, huyu akitoa hiki na yule akirudisha kile. Nikauliza, "Shangazi, sasa Mama Jofrey yeye analisaidia kundi kwa lipi? Labda ndiye mshauri wenu? Labda ana shamba kubwa?" Shangazi alisogeza kuni motoni. "Shamba lake ni dogo kuliko yote." "Basi labda aliwahi kuwasaidia zamani." "Hakuna alichotusaidia zaidi ya mwingine," akasema. "Unatafuta nini tena, Edina? Ni mwenzetu." Mama Lusajo akaongeza, "Andika hivyo kwenye daftari lako. Huko chuoni wakikuuliza, waambie ndivyo tulivyosema." Niliuliza kama niende kumwomba radhi, na kama niende na kitu, labda sukari. Shangazi akakataa sukari. "Ukimpelekea kitu atajua unalipa. Nenda tu."

Nilimkuta Mama Jofrey jikoni kwake akipalia moto chini ya sufuria ya makande. Nikampa shikamoo, akaitikia, akanionyesha kigoda. Alinipakulia bila kuniuliza kama nina njaa, na nilikula kwa sababu kukataa kungekuwa kosa la pili. Nilimwomba radhi. Nilisema sikujua. "Ungejuaje," akasema. "Na mimi sikusema." Akanieleza kwamba kwa mbali anaona vivuli, kwa karibu anaona ukungu, na nyekundu na kijani vimekuwa kitu kimoja. "Iliyoiva naijua kwa kidole. Imelegea kidogo. Ila ni kazi ya punje mojamoja, ndiyo maana nachelewa." Alizungumza bila kujihurumia, na hilo lilinichoma zaidi. "Nimekaa nawaza, misimu yote hii nimekuwa nikichumiwa shamba langu zima na mimi nikirudisha nusu. Sasa imeonekana. Nirudi na uso gani?" Hapo nikafanya kosa jingine, kwa nia njema. Nikamwambia, "Lakini mama, walikuwa wanajua." Akaacha kukoroga. "Nani?" "Wote." "Tangu lini?" "Tangu msimu wa juzi. Walikuwa wanamwaga vikapu vyao upande wako." Alibaki ameshika mwiko juu ya sufuria, na tone likaanguka kwenye moto likachemka. "Wote," akasema tena, si kwa kuuliza. Kisha akaniambia kwa adabu kwamba giza linakaribia na mimi nina mwendo. Nilitoka nikijua nimeharibu mara mbili.

Nilimwambia shangazi kila kitu. Sikuficha hata neno, na nadhani huo ndio ulikuwa utafiti wangu wa kwanza wa kweli. Yeye alimwambia Mama Lusajo, na Mama Lusajo, ambaye hakuwa amesoma zaidi ya darasa la nne, akafanya jambo ambalo sijawahi kuliona likifanywa na kamati yoyote yenye muhuri. Aligeuza zamu. Jumanne iliyofuata ilikuwa zamu ya Mama Neema. Mama Neema akakubali kungoja. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi tulikuwa uwanjani kwa Mama Jofrey, wanawake sita na mimi, vikapu vichwani, tukitoa mvuke mdomoni kama ng'ombe. Alitoka na kikombe cha chai mkononi. "Leo si zamu yangu," akasema. "Zamu tumeigeuza," Mama Lusajo akamjibu. "Sijawaita." "Tumejileta. Utatufukuza na baridi hii?" Mama Jofrey alisimama pale mlangoni. Alikuwa na haki ya kukataa, na kama angekataa, nisingekuwa na mahali pa kuuficha uso wangu katika kijiji kile. Alikunywa chai yake ikaisha. Akatikisa masalia chini. "Basi Estera asinivunjie matawi yangu," akasema. "Anachuma kama anang'oa karanga."

Walicheka, na mimi nikavuta pumzi. Shangazi aliapa kwamba hajawahi kuvunja tawi la mtu tangu aolewe, na wote wakaanza kumtajia matawi. Turubai likatandikwa. Kisha Mama Lusajo akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, mbele ya kila mtu, "Mama Jofrey, wewe shika matawi ya chini ya mstari huu, yameiva sana. Ya juu tutachuma sisi." Ilikuwa mara ya kwanza jambo hilo la kumwachia matawi kusemwa wazi. Mama Jofrey akaenda kwenye matawi ya chini. Mimi nilipewa kikapu badala ya daftari. Ilipofika saa nne nilikuwa nimejaza robo, na nilipokipeleka kwenye lundo Mama Neema akachungulia. "Mwanachuo, hizi za kijani unampelekea nani? Mashine itazitema." Wengine wakasogea kutazama, mmoja akauliza mizani iko wapi leo. Mama Jofrey aliniita, akakiweka kikapu changu kati ya magoti yake, akaingiza vidole na kuanza kuzitoa mbichi mojamoja, akizitupa pembeni bila kuziangalia. "Kaa uone," akasema. "Au kaa usikie." Nilikaa.

Nilirudi chuoni na daftari lililokuwa na jedwali safi kabisa: majina saba, uzito wa kila kikapu, na chini yake mstari mmoja mfupi kuliko yote. Zabroni, aliyekuja kula kwetu, aliliona tukiwa sakafuni na sufuria yetu. "Dada, hii ni dhahabu," akasema. "Kitabu kimesema, na wewe umekionyesha. Andika upite." Alikuwa sahihi, jedwali lile lingenipitisha. Na lingekuwa uongo, ingawa kila namba ilikuwa ya kweli. Usiku na mchana kwa wiki nzima niliandika kurasa kumi na moja bila jedwali, kwa Kiingereza changu cha kusuasua, Hawa akinisahihishia. Niliandika juu ya lundo, juu ya vikapu vilivyomwagwa kwa siri, juu ya sauti yangu ya muuguzi, juu ya zamu iliyogeuzwa. Nilimwita "mama mmoja" tu, na kijiji sikukitaja. Nilipoikabidhi nilikuwa nimeshajiandaa kurudia mwaka.

Dokta Mwanaidi aliniita ofisini. Palikuwa na chupa ya chai ya tangawizi, na alinimiminia kabla ya kusema. "Namba ziko wapi?" "Nimeziacha, Dokta." "Kwa nini?" "Zinasema anategea. Hategei." Alifungua ripoti ukurasa wa tatu. "Hapa unasema uliwaeleza wawili. Walikuwa saba. Uliwaomba ruhusa wote?" "Hapana, Dokta." "Yeye ulimwomba?" "Hapana." Akaifunga. "Kwa hilo nimekukata alama nyingi, na sikurudishii hata moja. Hizo nyingine umezipata mwenyewe. Zinatosha, kwa shida." Nilipita kwa alama mbili. Katika maisha yangu nimepata vyeti vyenye alama kubwa zaidi, na vipo kwenye bahasha fulani kabatini. Zile alama mbili ndizo ninazozionea fahari. Na pale kwa Zabroni Hawa alituambia jambo nililokuwa silijui: kuanzia mwaka uliofuata Dokta hakumruhusu mwanafunzi kwenda likizo na daftari mpaka ajibu kwa maandishi ni nani anaweza kuumia kwa kile anachokwenda kukipima. Hakueleza wazo hilo lilitoka kwa nani. "Alisema tu lilitoka Mbozi," Hawa akasema, na Zabroni akanimiminia soda kana kwamba nimefunga ndoa.

Msimu uliofuata nilikwenda tena kwa shangazi. Kundi lilikuwa shambani kwa Mama Lusajo, wote saba, na kelele zao nilizisikia tangu barabarani. Mama Jofrey alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, akipapasa matawi ya chini. Nilipomwamkia alinijua kwa sauti. "Mwanachuo. Wamesemaje huko kuhusu mimi?" Nikamweleza kwa fahari kwamba nilimlinda: sikuandika jina lake, wala la kijiji, wala la mwanaye, niliandika "mama mmoja", na hakuna atakayemjua kamwe. Vidole vyake vikasimama. "Mama mmoja," akarudia. "Kwani nimeiba nini hata unifiche?" Wenzake wakaangua kicheko kutoka kila mstari. Nikasema nilidhani anaona aibu. "Niliona," akasema. "Aibu ni ya kuficha, na mimi siku hizi sifichi. Nikitaka tawi lililoiva naita, wananielekeza." Alichuma punje, akaibonyeza, akaitia kikapuni. "Siku nyingine ukiandika, andika vizuri. Sema kuna mwanamke haoni sawasawa na anachuma na wenzake. Na usiandike Mama Jofrey. Kina Mama Jofrey wako wengi, mpaka kule Isongole mpakani wapo. Andika Selina."